Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mambo ya kale Zanzibar: maji ya Marhubi yarudishwe

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Nawaandikia nyinyi mliokabidhiwa dhamana ya mambo ya kale, ya ardhi na ya maji katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kuhusu magofu ya kasri la Marhubi, na hasa kuhusu jambo moja la magofu hayo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni maji yake. Ombi langu ni kwamba mabirika yaliyokuwa katika bustani ya kasri, pamoja na mfereji wa mawe uliokuwa ukiyaletea maji, vichunguzwe, vitengenezwe na vijazwe maji tena, na kwamba kazi hiyo itangulie mpango mwingine wowote utakaofikiriwa juu ya eneo lile.

Mnajua historia yake, lakini barua hii itasomwa pia na vijana ambao wamepita Marhubi mara nyingi ndani ya daladala bila ya kuteremka. Kasri lilijengwa na Seyyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar, kati ya mwaka 1880 na 1882, kiasi cha kilomita nne kaskazini ya Mji Mkongwe, ndani ya shamba lenye miembe lililoelekea baharini. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1875, Seyyid Barghash alikuwa amefanya ziara ya Uingereza, na inasemwa kwamba kuta ndefu zinazozunguka eneo la Marhubi alizijenga kwa kuiga kuta za mashamba ya majumba makubwa aliyoyaona huko. Chini kulikuwa na nguzo nene za mawe. Juu ya nguzo hizo kulikuwa na ghorofa na baraza za mbao zilizotazama bustani na bahari. Mwaka 1899 moto ulilila kasri, na kila kilichokuwa cha mbao kikateketea.

Ndani ya kuta hizo ndefu, kilichosalia ni nguzo, hamamu (yaani nyumba ya kuogea), vipande vya mfereji uliojengwa kwa mawe, na mabirika ambayo leo yameota mayungiyungi. Naomba orodha hiyo fupi isomwe kwa makini, kwa sababu ndani yake mna hoja yangu nzima. Ukiziondoa nguzo, vyote vilivyobaki ndani ya kuta vilijengwa kwa ajili ya maji: kuyaleta, kuyaweka, kuyapasha moto, kuyaoga na kuyatazama. Mgeni anayeletwa pale huoneshwa nguzo kwanza, akaelezwa habari za vyumba ambavyo havipo, kisha akapitishwa haraka kando ya mabirika kama kwamba ni madimbwi yaliyojitokeza yenyewe baada ya mvua. Anaondoka akiwa amesimuliwa nyumba iliyoungua na hakuoneshwa ile sehemu ambayo moto haukuiweza.

Sehemu hiyo haiwezi kufahamika ikitazamwa peke yake. Ukanda huu wa magharibi ya Unguja, kutoka Marhubi kwenda Mtoni hadi Bububu, na kupanda kilimani Kidichi, ulichaguliwa na watawala kwa sababu ya maji yake. Kasri la Mtoni, lililokuwa la Seyyid Said, baba yake Barghash, lilijengwa pale ambapo mto unaingia baharini, na binti yake Sayyida Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi mto huo ulivyopitishwa ndani ya kasri na kujaza mabirika kabla ya kumwagika pwani. Kidichi, katikati ya mashamba ya mikarafuu, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, na nakshi zake za chokaa bado zinaonekana ukutani. Naye Barghash, mbali na Marhubi, ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na hamamu za watu wote za Hamamni zilijengwa katika utawala wake. Kwa hiyo mabirika ya Marhubi ni kiungo cha mnyororo mmoja wa ujuzi uliodumu kwa muda wa nusu karne na zaidi, ujuzi wa kuyafuata maji yanakotoka juu na kuyashusha kwa mteremko mpaka yafike yanapotakiwa. Kiungo hicho kimekatika, kwani mfereji haupitishi maji, na mabirika hayapokei ila yale ambayo mvua imeyajaalia.

Yapo maneno ambayo nayasikia kila jambo hili linapotajwa, na nataka niyajibu hapa kwa sababu ni maneno ya haki.

La kwanza ni kwamba watu wa Unguja wana shida ya maji majumbani, na haifai kujaza birika la bustani ya sultani wakati mama mwenye nyumba anasubiri usiku bomba lake litoe maji. Nakubaliana na neno hili moja kwa moja. Maji ya Marhubi yasichukuliwe katika mabomba ya Mamlaka ya Maji, hata ndoo moja. Wala pasichimbwe kisima kipya katika eneo lile, kwa sababu kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi huvuta maji ya bahari, na wa kwanza kuonja chumvi hiyo watakuwa majirani wenye visima vyao. Maji yanayofaa kwa kazi hii ni ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo la mita za mraba 1,000 likinyeshewa milimita 100 linapokea lita 100,000 kabla ya kutoa yanayopotea, na milimita mia moja si nyingi katika nchi inayopata masika ya Machi hadi Mei na kisha vuli ya Oktoba hadi Disemba. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka sehemu za juu, ambayo sasa hutiririka hadi baharini yakibeba mchanga na taka, yanaweza kukingwa, kuchujwa kwa mchanga na kokoto, na kuongozwa katika mabirika. Birika likijaa, litakalozidi litumike kumwagilia miti. Ikiwa uchunguzi utaonesha kwamba chanzo cha asili kilichokuwa kikilisha mfereji bado kina maji na hakitumiwi na watu, hilo litazungumzwa kwa wakati wake na wenyeji wakiwepo.

Hapo hapo naomba nigusie msitu wa Masingini, ulio kwenye ardhi ya juu ya ukanda huu. Ardhi ya juu ndiyo inayonywesha chemchemi za chini, na kila kiwanja kinachosakafiwa kwa saruji juu kule kinapunguza maji yanayozama ardhini. Mtu hawezi kudai kwamba anaurudisha mfereji wa Marhubi huku akinyamazia yanayotokea kwenye chanzo cha maji yenyewe.

Neno la pili ni mbu. Zanzibar imefanya kazi kubwa ya kupunguza malaria, na hakuna gofu lenye thamani ya kuturudisha nyuma katika hilo. Lakini hali ya sasa ndiyo ya kutia hofu zaidi: maji yaliyosimama, majani yaliyooza, kingo zilizobomoka zikafanya vijishimo vidogo vidogo, na hakuna anayeangalia. Birika lililotengenezwa lina kuta zilizosimama, lina kina, lina maji yanayoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na lina samaki wadogo wa kienyeji wanaokula viluwiluwi. Nasema samaki wa kienyeji kwa makusudi, kwa sababu kuleta samaki wa nchi nyingine ni kuanzisha balaa jingine. Idara ya afya ihusishwe tangu siku ya mwanzo, na ikisema kwamba birika fulani lisijazwe, basi lisijazwe.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko fedha. Tumeona majengo yetu yakitengenezwa kwa haraka, kwa saruji na rangi, yakapendeza kwa msimu mmoja kisha yakaanza kumomonyoka. Kuta za Marhubi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Jiwe hilo ni laini na lina vitundu. Huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa, ambayo nayo huachia. Ukilipiga plasta ya saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu, maji ya chumvi yanayopanda kutoka chini hujifungia nyuma yake. Chumvi hugeuka fuwele, jiwe likaliwa kwa ndani, na siku plasta inapoanguka huanguka pamoja na ukuta. Kwa gofu lililo ufukweni kama Marhubi, mfuko mmoja wa saruji unaweza kudhuru kuliko miaka mingi ya mvua.

Na kwa birika mambo ni mazito zaidi. Chokaa ya kawaida hushikana kwa kupata hewa. Ndani ya maji haishiki vizuri. Ndiyo maana mafundi wa kale wa nchi nyingi, walipojenga cha kuwekea maji, walichanganya chokaa na vigae au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, ili plasta ikaze hata penye unyevu. Walichanganya nini mafundi wa Marhubi, na kwa kiasi gani? Jibu limo katika plasta yenyewe, ambayo vipande vyake bado vimeshikamana na kuta. Vipande hivyo vipelekwe maabara kabla ya mtu yeyote kugusa birika kwa mwiko. Kisha chokaa iandaliwe kwa taratibu zake: mawe yachomwe, yazimwe kwa maji, na chokaa iachwe iive shimoni kwa miezi. Mafundi wanaoijua kazi hii bado wapo Unguja, wengi wao wakiwa watu wazima, na vijana wanaojifunza kwao ni wachache. Kama Marhubi itatengenezwa kwa mikono yao, na kila fundi akawekewa wanafunzi wanaolipwa, tutapata mabirika na tutapata pia watu wa kuyatunza yatakapopasuka, kwa sababu yatapasuka. Kila birika hupasuka.

Kabla ya chokaa kuna uchunguzi. Eneo lote lipimwe na kuchorwa: kila nguzo, kila tao, kila kipande cha mfereji, pamoja na vile vilivyomezwa na mizizi ya miti. Wanaakiolojia wachimbe mashimo machache ya majaribio ili ijulikane sakafu ya kila birika iko wapi, maji yaliingia kwa tundu gani na yakatokea wapi. Ramani na picha za zamani zitafutwe katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Tope la ndani ya mabirika lisitupwe jaani kama taka, kwani tope la birika huhifadhi vigae, shanga, mbegu na vipande vya sakafu ambavyo havipatikani mahali pengine. Mayungiyungi yahamishwe kwa uangalifu, na mengine yarudishwe, maana wenyeji wameyazoea na yana uzuri wake.

Kuna wanaotaka zaidi ya hayo. Wapo wanaosema kasri zima lisimamishwe tena, ghorofa na baraza zake. Sikubaliani nao. Tunajua kwa jumla lilivyokuwa, hatujui kila mlango na kila ngazi, na tutakachokijenga kitakuwa mawazo yetu yaliyovikwa jina la Barghash. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanauchukua kuwa ni msingi, unataka kazi ya marekebisho isimame pale kubahatisha kunapoanza, na unataka sehemu mpya itofautike na ya kale ili historia isidanganywe. Mabirika na mfereji vinaweza kutimiza masharti hayo kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi wake ingali ardhini na ukutani. Ghorofa ya mbao haiwezi. Panapokosekana kipande cha mfereji, kijazwe kwa namna ambayo hata mtoto wa skuli ataona kwamba hiki ni cha juzi na kile ni cha mwaka 1882.

Wapo vilevile wanaoona kwamba njia rahisi ni kulikodisha eneo kwa mwekezaji, ajenge hoteli na atengeneze mabirika kama sehemu ya bustani yake. Naomba sana hilo lisifanyike. Birika la hoteli hutengenezwa lionekane jipya, hutiwa dawa, huzungushiwa viti, na mwenyeji huambiwa getini kwamba leo hakuingiliki. Marhubi ni mali ya umma na maji yake yawe ya umma, mahali ambapo wanafunzi watafundishwa jinsi mteremko unavyofanya kazi na familia zitakaa chini ya miembe bila ya kuulizwa wamefuata nini.

Lipo pia suala la hadithi itakayosimuliwa pale. Wageni huambiwa kwamba kasri lilikuwa la mke mmoja na masuria tisini na tisa, na idadi hiyo imerudiwa mara nyingi hata ikafunika kila kitu kingine. Mimi ningependa kuona maelezo yanayoanza na kazi. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897. Kasri lililojengwa katikati ya miaka hiyo miwili haliwezi kusimuliwa bila ya kuuliza ni nani waliochimba mabirika, waliobeba mawe, waliochochea moto wa hamamu, na wanawake walioishi ndani ya kuta zile walitoka wapi na walikuwa na hiari gani. Watu wengi wa visiwa hivi ni vizazi vya hao. Kurudisha maji bila ya kuwataja kutakuwa ni kumpamba sultani peke yake, na hilo silo ninaloliomba.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uchunguzi na michoro ndiyo hatua ya gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo itakayotoa makisio ya kweli ya hatua zinazofuata. Hakuna sababu ya kuusubiri mfuko mkubwa ndipo uanze. Birika moja litengenezwe kwanza, lijazwe, litazamwe kwa masika nzima na kiangazi kizima, ndipo iamuliwe juu ya mengine. Kila senti itakayotoka na kila ada itakayokusanywa kwa wageni itangazwe hadharani.

Najua kwamba macho ya wengi yako Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ni haki yake. Marhubi iko nje ya mpaka huo, kwa hiyo haina mlinzi wa kimataifa wa kuuliza inaendeleaje. Lakini hata ndani ya mpaka tumeona kuchelewa kunavyogharimu. Beit el Ajaib, jumba lililomalizwa na Barghash huyo huyo mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na roho za watu zikapotea, baada ya miaka mingi ya nyufa zilizokuwa zikionekana na kila aliyepita Forodhani. Nguzo za Marhubi nazo zinaliwa na chumvi upande mmoja na mizizi upande mwingine, na mfereji unapungua jiwe baada ya jiwe, kwa kuwa jiwe lililoanguka chini lisipoandikwa na kuwekwa huokotwa likaenda kujengea.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale iteue timu ya uchunguzi ya Marhubi yenye mwanaakiolojia, mhandisi wa maji, fundi wa chokaa na mwakilishi wa wenyeji, na iitangaze kwa majina na muda wa kazi. Naiomba mamlaka ya ardhi isitoe kibali chochote cha ujenzi wala ukodishaji ndani ya kuta za kale za Marhubi, au juu ya njia ya mfereji, mpaka ripoti ya timu hiyo isomwe hadharani. Naiomba Mamlaka ya Maji itoe kumbukumbu ilizonazo za chemchemi na mifereji ya zamani ya ukanda huu, ili timu isianze gizani. Na naomba mafundi wapige magogo ya kuegemeza matao yaliyolegea na kukusanya mawe yaliyoanguka kabla masika haijaanza, kwa sababu kazi hiyo haihitaji kusubiri ripoti yoyote.

Tutawashukuru mkitujibu kwa njia ile ile ya wazi, na mkiitisha kikao pale pale Marhubi, chini ya miembe, wenyeji tutahudhuria na tuko tayari kujitolea kusafisha njia ya mfereji chini ya usimamizi wa wataalamu wenu.

Wenu katika kuijenga Zanzibar,

Mkaazi wa Mtoni, Unguja